Nilipasuliwa pua, meno ya mbele yakafa ganzi

Wakuu, salamu kutoka Kisangani. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na ushahidi ninao mdomoni.

Shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa kuzurura mtoni. Kinachonilisha ni pua. Mama Furaha, muuza samaki wa moshi, hunituma soko la Yanonge kumnunulia. Nanusa, najua huyu mzima, huyu ameoza ndani.

Sasa pua ikaziba. Daktari akasema ukuta wa katikati umepinda, anyooshe. Akaeleza mambo mengi kwa Kifaransa.

Mimi naitikia tu: oui, oui, docteur. Nikasaini.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nang'ata kwanga, ule mkate wa muhogo, meno mawili ya juu hayasikii kitu. Kama nimeazima ya mtu.

Nikashuku. Pua na meno wapi na wapi? Hawa watu wamegusa nini nikiwa nimelala? Na puani sikusikia harufu hata ya moshi. Harufu ikienda, kazi imekwenda.

Mama Furaha naye: "Pua yako ikikufa nitakamata imbwa ya kunusa samaki. Yeye hakulake mingi kama weye."

Nikarudi hospitali nimevimba kwa hasira.

"Docteur, nilikuletea pua. Kwa meno ulienda kutafuta nini?"

"Papa, nilikuelezea yote. Weye mwenyewe njo ulisema oui."

Akachora. Kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kwenye ukuta ule wa pua, unatokea kwenye kitundu kilicho nyuma ya meno ya mbele. Ukisumbuliwa wakati wa kunyoosha, meno hufa ganzi, mara nyingi hurudi taratibu. Mishipa ya harufu ni mingine, iko juu kabisa, kwenye dari la pua. Huko hakufika, alisema.

Alisema. Mimi nikataka kuona.

Akanisafisha damu iliyoganda, akaniambia nifumbe macho, akaniwekea kikombe puani.

"Kahawa," nikasema. "Tena ya jana."

Muuguzi akaangua kicheko, maana ilikuwa yake.

Wakuu, msiitikie lugha msiyoielewa kwa kuogopa kuonekana mjinga. Mwambieni daktari awachoree kabla ya kusaini.

Jino moja limeamka. La pili bado, nalibonyeza kila asubuhi, na daktari sijamwamini sana. Aliyewahi kunyooshwa pua aseme hapa: jino lako lilichukua muda gani kuamka?