Mzizi wa Mukawa

Nilirudi Matinyani na diploma ya kilimo niliyojilipia mwenyewe kwa kupakia malori mjini Emali. Kijijini hakukuwa na mwingine aliyekuwa nayo. Mama aliumwa magoti, akanituma nimchimbie mzizi wa mukawa, kile kichaka cha miiba na maua meupe nyuma ya nyumba, auchemshe kwenye supu ya mifupa. Niliking'oa chote, nikamletea gunia zima.

“Umekiua?” akauliza. “Mzizi hukatwa upande mmoja, shimo likafukiwa. Hata mbuzi hubakisha, mwanangu!”

Gunia liliisha, magoti hayakupona. Kila Jumamosi nikawa napanda mlima kutafuta mukawa mwingine. Nilikuwa nikirudi nimechoka kabisa, na supu bado haijabandikwa, ikisubiri mzizi.