Injini Iliyogonga Nyumbani Tu

Gari la baba lilikuwa la silinda nne, kuukuu kuliko mimi, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Baba, mwalimu mstaafu wa Bungoma, alitaka niende chuo cha ualimu. Mimi nilikuwa kwenye gereji Kitale, na grisi hadi masikioni. Siku moja alinichoka. "Chukua hiyo gari," akasema. "Ikirudi hapa na nguvu, sitataja chuo tena."

Nililivuta hadi Kitale. Mimi na fundi mkuu tulilifanyia wazimu: tulipanua silinda tukatia pistoni kubwa, tukachonga kichwa cha injini ili mafuta yabanwe zaidi, tukafunga kabureta mbili mahali pa moja. Boneti tuliitupa. Uzuri wote ulikuwa pale, wa nini kuufunika? Lilinguruma hata mafundi wa jirani wakaacha spana zao waje kutazama.

Nikashuka nalo nyumbani. Hadi Kamukuywa injini iliimba. Karibu na Bungoma, kwenye kilima kidogo tu, ikaanza kugonga: ko, ko, ko. Niliingia uani hivyo hivyo, na baba alikuwa amewaita wazee wa kanisa waje kuona. Mmoja akainama, akasikiliza.

"Bana, si mumfungulie huyo anabisha hodi huko ndani?"

Walicheka. Baba hakucheka. "Irudishe," akasema.

Nikalirudisha. Kufika Kitale, ule mlio kimya! "Kwani huko kwenu kuna nini?" fundi mkuu akaniuliza. Tukaifungua injini yote, hatukuona kitu. Nikashuka tena, ikagonga. Nikadhani ni petroli ya huko. Nikabeba ya Kitale kwa mtungi, ikagonga vilevile. Nililipiga tairi teke, nikaumia mimi. Mama akaanza kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna jirani aliyelitia jicho, nami, kusema kweli, nilitamani iwe hivyo. Angalau ningejua.

Mwishowe nilimsihi baba aje Kitale asikie mwenyewe. Alikuja na koti lake la Jumapili. Tulishika barabara ya Endebess, nikakanyaga mafuta, gari likaruka. Baba alishika kofia kwa mikono miwili, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwetu.

Baadaye sana nilijifunza kwamba Kitale iko juu na hewa yake ni nyepesi. Tuliibana injini kwa kipimo cha huko, na hewa nzito ya Bungoma ikaishibisha kupita kiasi hata ikagonga. Kurekebisha kidogo tu wakati wa cheche ya kuwasha mafuta kungetosha. Hilo nimelielewa.

Baba ndiye sijamwelewa. Aliposhuka alijipangusa vumbi, akaligusa gari kwa kiganja. "Basi ikae huku," akasema. "Na wewe ukae huku."

Hakutaja chuo tena. Hakuniuliza pia nitakuja nyumbani lini. Gari ninalo bado, na hadi leo sijui kama siku ile nilibarikiwa au nilifukuzwa.