Mkono wa Kushoto wa Sweta

Sindano za bibi ni spoku mbili za baiskeli zilizonolewa kwa jiwe. Mpaka leo zinanukia mawese aliyozipaka zisishike kutu.

Nilikuwa mtoto, Ujiji, mama alipopelekwa hospitali kujifungua. Safari iliyopita alirudi mikono mitupu, kwa hiyo nyumba nzima tuliongea kwa sauti ya chini. Bibi aliketi mkekani akifuma sweta la njano. Alipokaribia mwisho wa mkono wa kushoto, akaacha.

“Malizia, bibi.”

“Nguo ya mtoto haimaliziwi kabla mwenyewe hajalia,” akanijibu. “Tusimtangulie.”

Mishono ikabaki kwenye spoku. Uani dagaa walikauka, jua likapanda, chai ya bibi ikapoa bila kuguswa.

Kisha shangazi akaingia mbio, kanga ikiburuzika. “Mtoto kalia! Kelele zake zimefika mpaka Bangwe!”

Bibi akanisukumia sindano. “Funga mishono wewe, ushakuwa dada.”

Kwa furaha nikakaza kila mshono. Mtoto alipoletwa nyumbani, ngumi yake ikagoma kupita kwenye mkono huo wa sweta. Bibi alicheka mpaka akatokwa na machozi, akafumua, tukafunga upya taratibu.

Leo yule mtoto yuko leba, na mimi nimeketi na sweta jingine, mkono wa kushoto haujafungwa. Simu imeita. Ni shemeji, lakini hata salamu hajanipa. Ameisogeza simu mahali, na huko kuna mtu mdogo analia kwa hasira.

Nimeshika spoku. Uzi nimeulegeza.