Siku Mwanahiti Alipotoka Ukumbini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mkoba wangu ulipomwagwa mezani mbele ya wanaume. Pampasi zako zikaanguka sakafuni, na chupa ya maziwa niliyokuwa nimekamua ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha afande Pius, mkuu wa walinzi. Akaisukuma pembeni kwa ncha ya kiatu. Mpaka leo nikikikumbuka kile kiatu nachemka, na sitaki mtu aniambie nisahau.

Najua watu watasema, mzee gani huyu anatoa nasaha na mgongoni bado ana mtoto? Waseme. Sina mvi. Nina kidato cha nne na hasira nyingi. Lakini kwako wewe mimi ndiye mzee wa karibu, na nilichoambiwa siku ile na mzee wa kweli sitaki kiishie kwangu.

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa ukumbi katika jumba la makumbusho ya sanaa, hapa hapa Morogoro. Jumba ni kubwa. Ukipita kumbi zote kwa utaratibu, asubuhi yako imekwisha. Bibi yako kule Mwembesongo alikuwa akiniuliza, "Kwa hiyo wanakulipa uangalie picha?" Nikamwambia, "Siangalii picha mama, naangalia mikono." Na ndivyo ilivyokuwa. Mtu haji na nia mbaya, ila mkono wake una akili yake. Akiona rangi imevimba anataka kuibonyeza. Akiona kinyago anataka kukipapasa kichwa. Wewe unasema "samahani, naomba usiguse" mpaka ulimi unakauka. Nilikuwa bado kwenye majaribio, sijathibitishwa, na baba yako alikuwa ameshakwenda zake. Ile kazi ndiyo ilikuwa uji wako.

Ukumbi wangu ulikuwa wa vinyago. Katikati, juu ya meza fupi, alisimama mwanahiti, mtoto wa mti asiyezidi kiganja na kidole. Zamani Waluguru walimpa mwali akiwa amewekwa ndani. Mwali alimwogesha, akampaka mafuta, akambeba, ili ajifunze kulea kabla hajazaa. Huyu wetu alikuwa mkongwe kuliko vyote mle ndani, na kioo cha kumfunikia kilikuwa bado hakijafika.

Asubuhi hiyo aliingia bibi mmoja peke yake, kajitanda kanga, ndala kazivua mlangoni kazishika mkononi kama anaingia nyumba ya watu. Nikamwamkia. Akaitikia kwa lafudhi ya mlimani, akasema anatoka Kinole, amemtembelea mwanawe Kihonda, na kasikia huku kuna vitu vya wazee. Nikamwacha atazame. Mara maziwa yakaanza kunivuja. Nikamwomba mwenzangu wa ukumbi wa jirani anitazamie, nikaenda kujikamua. Niliporudi, mwenzangu alikuwa ameitwa na wageni wa ukumbi wake, na meza ilikuwa tupu.

Nilipiga kelele mwenyewe, sikusubiri kugunduliwa. Afande Pius akafunga geti. Na mikoba iliyomwagwa kwanza haikuwa ya wageni, ilikuwa yetu sisi wahudumu na wafagiaji. Wazee walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulinyongwa kwanza, haki itafutwe baadaye.

"Ulikwenda wapi?" afande akaniuliza.

"Kukamua maziwa."

"Maziwa gani?"

"Ya ng'ombe," nikamjibu.

Mfagiaji mmoja alichekea kiganjani. Afande hakucheka. Akasema kama kinyago hakionekani, ananikabidhi polisi, na kazi niihesabu imekwisha. Hapo ndipo nikamkumbuka yule mama mzee. Nikasema, "Kulikuwa na kibibi." Nilitamka hivyo hivyo, kibibi, na nikaongeza kwamba nikimpata nitamvua kanga zake hadharani. Nikatoka mbio, afande nyuma yangu.

Tulimkuta nyuma ya jengo, kwenye bomba la kuoshea ndoo. Kakaa juu ya ngazi ya saruji, miguu kainyoosha, mwanahiti yuko mapajani kaviringishwa upande wa kanga. Pembeni yake kuna kichupa cha mafuta ya nyonyo. Anampaka. Taratibu, nyuma ya shingo, kwenye kishungi cha nywele, kama unavyompaka mtoto aliyetoka kuoga.

Macho yaliniingia giza. "Mwizi mkubwa wewe, lete hapa," nikasema, mkono nimeshaunyoosha.

Hakushtuka. Aliutazama ule mkono wangu, kisha akanitazama mimi. "Hasira yako imetangulia, mwanangu," akasema, "wewe umebaki nyuma. Kaifuate kwanza uirudishe. Mimi siendi popote."

Sijui kama ningemsikiliza siku nyingine. Siku ile nilimsikiliza kwa sababu nilisimama kidogo, na niliposimama nikaona. Mti ulikuwa unang'aa kwa mafuta. Vidole vya bibi vilikuwa vinateleza. Chini ni saruji tupu. Mvuto mmoja tu, wangu au wa afande, na kile kishingo chembamba kingekatika, pamoja na kazi yangu na uji wako. Na afande alikuwa ameshainama kunyakua. Nikamzuia kifuani kwa mkono.

"Afande, naomba usiguse."

Akasimama. Nadhani ni kwa mshangao.

Nikapiga magoti palepale kwenye maji ya bomba. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Naomba mtoto."

Bibi akaachia kicheko kidogo cha puani. "Sasa umesema. Mtoto haporwi, mtoto huombwa." Akamfunga vizuri, akanipa kwa mikono miwili, nami nikampokea kwa mikono miwili, nikamweka kifuani. Nikamkagua shingo, nikamkagua kichwa. Mzima. Mwanangu, nikakaa chini palepale, sketi ya kazi ikalowa, na nikaona raha ambayo sijawahi kuiona kwenye sherehe yoyote.

Akaja Madam Neema, mkuu wetu wa maonyesho, anahema. Bibi akamwanza yeye, "Mtoto kapauka namna hii, mama zake mko wapi?" Akaeleza kwamba wanaume walikuwa wanapita pita pale ukumbini, na kwao mwanahiti hakai uchi mbele ya wanaume, kwa hiyo alimtoa faragha ampake, kisha amrudishe. Madam akamwambia kwa upole kwamba mafuta huku hapana, yanashika vumbi na kuharibu mti, itabidi wamfute polepole. Bibi akasema, "Haya, nyumba yenu, sheria yenu," kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali hata kidogo.

Afande akadakia kwamba mwizi ni mwizi hata akiwa na mvi.

Hasira yangu ilikuwa imesharudi, lakini sasa ilikuwa inatembea kando yangu. Sikumjibu afande. Nilimgeukia Madam, kwa sababu mwenye kuamua ni yeye, nikamwambia bila kupaza sauti, "Mwizi hakai bombani akapaka mafuta. Aliyetoka ukumbini ni mimi, nilikwenda kukamua maziwa, nilimwachia mwenzangu. Na mkoba wangu umemwagwa mbele ya wanaume. Hilo silikubali leo wala kesho."

Nikahesabu kazi imekwenda. Madam akasema, "Kesho uje kazini. Na hilo la mkoba nimelisikia." Alikuwa amelisikia kweli, maana tangu hapo mikoba ya wanawake hukaguliwa na wanawake, na tukapewa chumba chenye komeo cha kukamulia. Bibi alipewa soda, akainywa mpaka mwisho, akapelekwa kwa mwanawe. Afande hajaniomba radhi, na mimi sijamsamehe. Tunasalimiana.

Jioni ile nilikunyonyesha nikiwa nacheka peke yangu. Bibi yako akaja mlangoni akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Nina kazi, mama." Akasema, "Si ulikuwa nayo hata asubuhi?"

Sasa sikia, mwanangu, na wewe usiye wangu unayesoma hapa, sikia pia. Watakwambia hasira hasara, uimeze. Mimi sikwambii uimeze, maana ukimeza kila kitu watakumwagia mkoba kila siku. Nakwambia usiiache itangulie. Ikishika njia kabla yako, itamwita mwizi mtu asiye mwizi, itavunja kitu ambacho wewe ndiye utakayekilipia. Kabla hujanyoosha mkono, tazama kilicho mkononi mwa mwenzako. Mwamkie mtu, muulize, uombe. Ukishajua ukweli, upeleke wote kwa mwenye uwezo wa kuamua, pamoja na sehemu yako ndani yake, na uliloonewa uliseme kwa jina lake.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya kusema, na akishakupa kuona, asikunyime mdomo. Akuweke mbali na aibu isiyo yako. Ukue, uzae ukipenda, ufanye kazi uitakayo, na popote utakaposimama pawe na mtu mzima wa kukurudisha nyuma hatua moja kwa upendo. Amina.