Fulana Zenye Picha ya Dada

Kila mwaka tunapanda baiskeli Kitale na kuteremka hadi Bungoma kuchangia matibabu ya wagonjwa wa saratani. Siku hizi tunavaa fulana za kijani zisizo na picha ya mtu yeyote. Wageni wakiuliza kwa nini hatuweki picha ya mgonjwa ili watu waguswe, kamati hunitazama mimi, nami hujifanya nakaza nati ya baiskeli.

Baiskeli yenyewe ni nyeusi, ya zamani, yenye keria ya mizigo nyuma. Ilikuwa ya baba. Mimi ni mama mnene, muuza mbegu, na nikiipanda watu hucheka. Wacha wacheke. Aliyenifundisha kuiendesha ni dada yangu mkubwa. Alinishikia kiti kwa nyuma huku nikipitisha mguu chini ya ile paipu ya katikati, kwa sababu juu sikufika. Siku aliyoniachilia bila kunionya niliingia kwenye mahindi ya jirani. Nilimtukana, naye akacheka hadi akakaa chini.

Mwaka ule tuliendesha kwa ajili yake.

Alikuwa na saratani ya koo. Ilianza na ugali kukwama, akawa anausukuma kwa maji, kisha maji nayo yakaanza kurudi. Kufikia wakati huo ni uji tu uliopita, tena mwepesi, na sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Daktari alisema mionzi bado ingeweza kusaidia, ila tusicheleweshe. Yeye hakutaka. Tulibembeleza, tukaomba, na mimi nikagombana naye kabisa, tukirushiana maneno juu ya kikombe cha uji. Mwishowe akakubali kwenda Jumatatu, kwa sharti moja. Alikuwa amemuuguza mumewe, na hakusahau jinsi watu walivyokuja kulia kando ya kitanda kana kwamba yule mtu alikuwa hasikii.

"Nitaenda," aliniambia. "Lakini msinililie nikiwa hai. Siku nitasikia mtu ananililia kwa hii boma, hapo nimemaliza. Msiniguse tena."

Nilimjua dada yangu. Hakuwa mtu wa kusema neno kisha akalirudisha.

Safari yetu ilikuwa Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo. Kamati ilichapisha fulana nyeupe zenye picha yake kifuani na jina lake chini. Ilipanga pikapu ya kanisa itangulie na spika ya nyimbo, taa ziwashwe ili malori yatuone, na utepe mwekundu ufungwe kwenye vioo. Sote tulikubali, watu wazima, watu waliowahi kuzika. Kwetu, fulana nyeupe yenye picha ya mtu huvaliwa siku moja tu, ya kumzika. Na gari lenye taa mchana, utepe mwekundu na nyimbo za kanisa, kila mtoto anajua limebeba nini. Lakini tulikuwa na hamu kubwa ya kumponya, na hiyo hamu ilitufunga macho. Bado inaniuma hadi leo.

Kiminini wazee walivua kofia. Nilidhani wanatupongeza, nikawapungia mkono. Kamukuywa watu wa bodaboda walizima pikipiki zao wakainamisha vichwa. Nikajiambia, kumbe watu bado wana adabu.

Ilikuwa Chwele, karibu na soko, ndipo mama mmoja alipotua karai lake la nyanya, akaweka mikono kichwani na kunitazama kifuani.

"Pore sana, mama. Huyu si alikuwa mwarimu wa watoto wetu? Aa, kifo bana!"

"Hajafa," nikasema.

Alinitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtu aliyechanganywa na msiba. "Ndio, mama. Kwa Mungu hakuna kufa."

Nikageuka kuitazama pikapu yetu ikipanda barabara na utepe wake, ikiimba. Ndipo nikaona walichokuwa wakikiona wao.

Nilimpigia mpwa wangu, binti wa dada, aliyekuwa akimtunza mamake nyumbani, huko upande wa Kibabii. Simu ilikuwa imezima, stima ilikuwa imepotea kwao tangu jana yake. Kabla sijajaribu tena, shangazi yetu wa Lwakhakha akapiga, analia.

"Ati mmetoka Kitale na mwili na hakuna mtu ameniambia! Mimi shangazi yenu!"

"Shangazi, hakuna mwili! Yuko hai!"

"Si watu wamewaona Kamukuywa? Nishaambia majirani watangulie na kuni za matanga. Wamama wa kanisa wako njiani."

Nilivua fulana hapo hapo barabarani, nikabaki na sidiria mbele ya watu wa Chwele, nikaigeuza picha ikawa ndani, nikavaa tena. Baadaye watu waliniuliza kwa nini sikupanda bodaboda. Sijui. Nilikuwa tayari juu ya baiskeli, nikakanyaga.

Sijawahi kuendesha vile. Nilimwomba Mungu na kumgombeza katika pumzi moja. Mnyororo ukatoka, nikaurudisha kwa mikono, grisi hadi viwikoni. Nilijua kwamba nikifika kabla ya wale wamama, dada atakwenda Jumatatu. Wakinitangulia, basi.

Nilisikia vilio kabla sijaliona boma.

Wanaume walikuwa wanashusha kuni kutoka kwenye mkokoteni. Wanawake walikuwa wanaingia mbio na matawi mikononi, wakipiga nduru. Na dada yangu alikuwa mlangoni, kwenye kiti, leso mabegani. Mpwa wangu alisimama nyuma yake, amemziba masikio kwa viganja, naye dada alikuwa anaiondoa ile mikono, polepole, mmoja baada ya mwingine. Wa mbele walikuwa wamemwona wakanyamaza. Wa nyuma hawakuwa wamemwona, wakaendelea kulia.

"Nyamazeni!" nilipiga kelele. "Mna wazimu? Yuko hai!"

Dada aliniita kwa kidole. Nikapiga magoti mbele yake.

"Geuza hiyo tisheti," akanong'ona. "Nione mmenichagulia picha gani."

Nikaigeuza. Ilikuwa picha ya siku bintiye alipomaliza chuo, mashavu bado yamejaa, anacheka. Aliitazama kwa muda.

"Huyu alikufa kitambo," akasema. "Mmechelewa kumlilia."

Jumatatu gari lilikuja likangoja uani. Nililia, nikamkasirikia, nikamwambia ni makosa tu, ni fulana tu, hakuna aliyekusudia. Alinisikiliza hadi nikachoka.

"Si nilisema?" akaniuliza. "Nimesikia vile mnanililia. Mmelia vizuri. Sasa niache."

Majirani waliondoka kwa aibu, lakini kuni waliziacha, kwa sababu kwetu kuni zilizoletwa msibani hazirudishwi nyumbani. Zilipangwa chini ya paa la jikoni, rundo kubwa. Dada akaamuru uji wake upikwe nazo.

Nilihamia kwake. Niliwasha moto mkubwa kwa kikombe kimoja cha uji, mpwa wangu akanung'unika kwamba ninaharibu kuni. Sikumweleza. Nilikuwa nimeingiza kichwani kwamba kuni zile zikiisha, msiba utakuwa umeondoka kwenye boma lile, na dada atakubali. Ulikuwa ujinga, nao ndio pekee niliobaki nao. Nilipika uji, nikachemsha maji ya kuoga, nikachemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Siku kipande cha mwisho kilipoungua nilifagia hata maganda, nikaingia ndani.

"Dada, kuni zimeisha. Hapa hakuna msiba tena. Twende."

Alinitazama, na nikaona amejua muda wote nilichokuwa nikifanya na ule moto. Kwa mara ya kwanza hakukataa. Alitikisa kichwa kukubali, akaninyooshea mkono nimwinue.

Nikavuta. Hakuweza kuinuka.