Maandishi ya Msumari

Kazi yangu ni kuzuia kutu. Napaka madaraja ya reli kandokando ya mto Mkondoa kwa rangi ya makopo mawili: moja rangi, jingine kigumishi. Ukishachanganya huna muda wa hadithi, maana inagandia koponi. Lakini kazi yenyewe hasa ni kukwangua mpaka chuma king'ae. Ukipaka juu ya kutu, umeifunika shuka ilale vizuri. Nimegombana na wengi kwa hilo, na ugomvi ninaoujutia ni mmoja tu.

Mlango wa nyumba yetu pale Kidete ni wa bati jembamba, niliupaka mwenyewe. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta mke wangu ameukwaruza kwa msumari: "Nipo mtoni. Ugali upo." Chaki aliyozoea kuniandikia ilikuwa ikifutwa na mvua, ndiyo sababu yake. Aliporudi nilimfokea palepale nje, jirani akisikia. Nikamwambia penye mkwaruzo ndipo kutu inapoingilia.

"Basi ikiingia itakuta ugali," alisema, akatua ndoo.

Huu ni mwaka wa nne tangu tumzike. Kutu iliingia kweli, tena kwa kufuata herufi zake, na kila masika maandishi yalizidi kukolea. Nikirudi jioni niliyaona tangu njiani, na kwa hatua tatu nne niliamini yupo mtoni.

Krismasi binti yetu alikuja kutoka Morogoro.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akauangalia mlango. "Kweli mganga hajigangi. Mlango unaliwa huu, ukwangue."

Alipoondoka nilichukua rangi inayoonyesha kilicho chini yake kama kioo, nikaipaka juu ya maandishi bila kukwangua. Nilijua ninachokosea, nikakosea. Niliogopa kubaki na mlango usioniambia kitu.

Masika yalipokwisha, rangi ilikuwa imefura malengelenge. Niligusa kwa kidole, ganda likabanduka na herufi zake zote, likasagika kiganjani. Palipoandikwa "nipo" pamebaki tundu. Nikachungulia: meza, kiti kimoja, sufuria jikoni.

Nikasema kwa sauti kwamba angeukwaruza mlango mzima, nisingesema neno. Jirani, yuleyule aliyenisikia nikifoka, akauliza kutoka uani kwake naongea na nani.