Paa Lililovuja Bila Mvua

Nilipopunguzwa kazini nilikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa miaka kumi na miwili sikuwa nimejenga kitu chochote ambacho si mali ya serikali. Barua ilisema shirika linajipanga upya. Nilirudi nyumbani mtaa wa Ramadhani, pale Njombe mjini, nikamwonyesha mke wangu ile barua. Akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Sasa hawa wanajipanga upya, wewe unajipanga wapi?"

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimegeuka. Saruji, ambayo zamani tuliipata kwa kibali, sasa ilipangwa barazani mwa maduka kwa yeyote mwenye fedha, na watu walijenga walivyotaka. Ndivyo nilivyompata tajiri mmoja wa Makambako, msafirishaji mwenye malori mawili, mzaliwa wa Kondoa. Alitaka nyumba ya paa la zege, tambarare, kama alizoziona Dar es Salaam karibu na bandari.

"Hapa Makambako upepo unang'oa mabati," aliniambia. "Nataka paa ambalo halipigi kelele."

Nilisuka nondo, nikamwaga zege, nikazungusha ukuta mfupi pembeni, nikapaka lami juu. Lilikuwa paa zuri. Watu wa stendi walikuja kulitazama. Nilirudi Njombe nikijiona mtu.

Mwezi wa saba nikaitwa. Mke wa tajiri ndiye aliyenipokea mlangoni, mtoto mchanga mgongoni amefunikwa blanketi mbili.

"Fundi, njoo uone ulichotufanyia."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Zege la sebuleni lilikuwa limejaa matone kama jasho. Yalikuwa yakidondoka moja moja juu ya makochi, na chini walikuwa wamepanga sufuria.

"Mvua ilinyesha lini?" niliuliza.

"Mvua? Tangu mwezi wa tano hatujaona hata tone."

Nilipanda juu. Paa lilikuwa kavu, limeganda kwa baridi. Nilitafuta ufa kwa vidole hadi vikafa ganzi, sikuuona. Kwa kuwa sikujua la kufanya, nikafanya nililolijua: nikapaka lami upya. Kesho yake asubuhi matone yalikuwa palepale. Nikapaka tena. Jirani mmoja akaanza kusema kiwanja kile kilikuwa na mambo yake, na tajiri, ambaye alikuwa mtu wa swala tano, hakupenda maneno hayo. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

"Niambie ukweli, fundi. Hujui, au unanificha?"

"Sijui, mzee," nilisema. Nadhani jibu hilo lilimtisha kuliko maneno ya jirani.

Nikawaza kwamba labda ni baridi tu. Nyumba ya nyasi nilimozaliwa haikuwahi kudondosha maji hivi, ingawa tulipika na kulala humohumo. Basi, nikafikiri, zege linataka nguo. Nikaenda Matembwe kwenye mashine za kupasulia mbao, ambako walikuwa wakichoma milima ya maranda kila siku ili wapate nafasi. Niliwaomba magunia ya maranda, wakanisalimu kwa Kibena huku wakicheka.

"Kamwene, fundi! Siku hizi takataka nazo zina soko?"

Nikapiga dari ya mbao nyembamba chini ya zege, na katikati nikajaza maranda. Wiki ya kwanza hakuna aliyeona tone. Tajiri akanichinjia kuku. Wiki ya tano dari ikaanza kuvimba, ikaota ukungu mweusi, kisha kipande kikaanguka mchana mezani, na maranda yaliyolowa kama ugali. Mtoto alikuwa anakohoa. Yule mama hakunifokea. Alifunga mizigo, akasema anarudi kwao Kondoa mpaka nyumba ipone.

Nilisimama pale na koleo mkononi, nimechanganyikiwa kabisa. Kama maranda yanazuia baridi, mbona yameloa? Na kama juu hakuna tundu, maji yanatoka wapi?

Nikabomoa dari yote. Asubuhi iliyofuata matone yakarudi, na mama yule, aliyekuwa akingoja lori la mumewe, akaniita sebuleni. Alikuwa ameinua uso.

"Fundi, hebu tazama pale pembeni."

Pale pembeni zege lilikuwa kavu. Ukavu wenyewe ulikuwa na umbo, kama mkeka umetandikwa darini. Kila mahali jasho, pale hakuna.

"Juu yake kuna nini?" nikauliza.

Akafikiri. "Kuna magunia yako ya maranda yaliyobaki. Niliyapandisha huko ili yawe ya kutandikia kuku bandani, nikayafunika turubai."

Tukapanda wote wawili, yeye na mtoto mgongoni. Akaniamuru niyasogeze magunia hadi upande wa chumbani, turubai juu yake. Kesho yake pembe ya sebule ilidondosha, na chumbani palikuwa pakavu. Tukayasogeza tena siku ya pili, ikawa vilevile. Mizigo yake akaifungua.

Tajiri alipoelezwa alikasirika. "Nimejenga paa la kisasa, mnataka kuliwekea matandiko ya kuku? Dar kuna mabamba meupe ya povu gumu, mepesi, yanatoka nje ya nchi. Nitaagiza."

"Agiza," mkewe alimjibu. "Mpaka yafike, mtoto alale wapi?"

Basi nikarudi Matembwe. Nilitengeneza fremu za mbao juu ya zege, nikashindilia maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa ili wadudu wasiyapende, nikafunika kwa nailoni ngumu na mabati yaliyoinama kidogo, yamejificha nyuma ya ule ukuta mfupi. Kutoka barabarani huoni kitu. Ndani matone yalikoma. Mchana wa jua, nyumba haikuchemka tena. Povu liliagizwa kweli, likaja, likatumika kufungashia redio.

Lakini nilipoulizwa na mafundi wenzangu, sikuweza kueleza. Maranda yaleyale, chini yameoza, juu yameponya. Mgeni mmoja wa tajiri, mhandisi, alinieleza kwa subira: pumzi za watu na mvuke wa chai hupanda, hukutana na zege la baridi, hugeuka maji. Ukilifunika zege kwa juu, linabaki na joto la nyumba. Ukilifunika kwa chini, unalizidishia baridi, na mvuke unaopenya unayalowesha maranda. Niliitikia kwa kichwa. Nilipofika nyumbani nikajaribu kumweleza mke wangu, nikakwama katikati.

Mwaka uliofuata jirani yetu wa Ramadhani aliniomba nimfanyie paa kama lile.

"Litadumu miaka mingapi?" aliuliza.

Nilimwambia sijui, kwamba la Makambako limepita masika moja tu, na kwamba lazima tufungue bati moja kila mwaka tuchungulie kama maranda ni makavu. Alinitazama kama mtu anayejuta kuuliza. Halafu akasema nianze Jumatatu.